Hawara Hampi Mtu Jembe

Kwenye semina ile nilifuata soda, sitaki kuwadanganya. Walipita watu na kipaza sauti hapa Kitangari, wanasema kina mama wote tufike ofisi ya kata, kuna mafunzo ya matatizo ya familia. Mwisho wa tangazo wakataja soda. Matatizo ya familia ninayo ya kutosha, naweza hata kuwagawia majirani, lakini soda sikuwa nayo. Nikajifunga kanga nikaenda.

Aliyefundisha ni binti mmoja mzuri, kasuka nywele vizuri, anaongea taratibu kama mtu anayebembeleza kuku aingie bandani. Akachora nyumba ubaoni. Ndani akaweka baba, mama na watoto, akasema hii ndiyo familia. Nikanyoosha mkono.

"Mwanangu, mimi bibi umeniweka wapi? Naona hata banda la kuku hujachora."

Watu wakacheka, na yeye akacheka. Akachora kijumba pembeni, akaniweka humo na fimbo. Fimbo sina, lakini nikamwachia, alikuwa ameshachora. Jirani yangu akadai na mjomba achorwe, maana kwetu huku mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Binti akatafuta nafasi, nyumba imeshajaa, akamchora mjomba juu ya paa. Tulicheka mpaka mwingine soda ikampita puani.

Lakini jambo moja alilosema liliniingia. Alisema ugomvi wa nyumba moja mara nyingi haukuzaliwa kwenye nyumba hiyo. Unawaona mke na mume wamenuniana, unadhani tatizo ni wao wawili, kumbe limetoka mbali, limesafiri, limefika pale limechoka ndipo likakaa. Yeye aliyasema kwa maneno marefu ya chuoni. Mimi shule nilikaa kidogo tu, nikayakata nikayameza vipande vipande.

Narudi nyumbani, namkuta mjukuu wangu amekaa kibarazani. Mtoto mgongoni, begi miguuni, na sufuria juu ya begi. Huyu ameolewa Lisekese, kule Masasi, kwa kijana wa Kimakua, fundi seremala. Nikajua tu. Mwanamke anayekuja kusalimia habebi sufuria.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mume wetu umemwacha na nani?"

Hapo akalia. Na mimi nikakaa, maana kilio cha mjukuu huyu nakifahamu tangu mdogo, hakikatizwi, kinasubiriwa kama mvua.

Kilipokwisha akasema. Mumewe hali nyumbani. Tangu mvua zianze, akirudi jioni anawekewa ugali, anasema ameshiba, anajinawisha mikono kama mtu aliyekula, analala. Mke anapika kisamvu cha nazi, mume ameshiba. Anachinja kuku wa mgeni na mgeni hayupo, ameshiba. Watu wamemwona anafunga banda lake la useremala mapema, anapanda pikipiki, anashika njia ya Lupaso. Sasa niambieni, mume anayefunga kazi mchana na kurudi jioni tumbo limejaa, mke afikirie nini? Akafikiri alichofikiri. Kuna mwanamke huko, na anajua kupika.

Sijui kwenu, lakini kwetu mume kukataa chakula ni zaidi ya kukupiga kofi. Kofi unaweza kulirudisha. Chakula kikikataliwa unakirudisha wapi?

Mama yake, yaani binti yangu mimi, akasikia, akapandisha presha. Lakini yeye angefanya nini? Yule ni mkwe wake. Mama mkwe na mume wa bintiye kwetu hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja anapinda porini kama ameona nyoka, anasubiri mwenzake apite. Hawezi kwenda kumuuliza mkwewe kwa nini huli. Akafanya anachoweza, akampigia simu kaka yangu anayekaa Newala mjini.

Kaka yangu ndiye mkubwa wetu, ndiye yule wa juu ya paa. Alisikiliza kidogo tu, akatangaza atakuja Jumapili baada ya ibada, kijana aitwe, na mtoto wetu akabidhiwe rasmi kwao. Alisema kwenye simu kwa sauti, mimi nikiwa jikoni nikamsikia, kwamba ukoo wake haukutoa binti akawapikie inzi.

Basi ndoa ya mjukuu wangu ikawa imebakiwa na maisha mpaka Jumapili. Yeye mwenyewe kutwa anasema hamtaki yule mwanaume, hamtaki kabisa, halafu simu ikilia anaruka kuliko mbuzi. Nikaona hapa kuna mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kwenda Lisekese, na mtu huyo ni mimi. Mama mkwe hawezi, mjomba atakwenda na hasira. Bibi ni mtani. Mume wa mjukuu wangu ni mume wangu na mimi, nikimwambia lolote hakuna wa kunishtaki. Tena Mmakua na Mmakonde tunachekana tangu enzi. Nilikuwa na utani wa kumtosha huyo kijana na wa kubakiza.

Asubuhi nikapanda gari la Masasi. Nikafunga mkeka wangu, mwiko wangu, na kanga nzuri ya kutokea. Lisekese bodaboda akanishusha njia panda, nikaenda kwa miguu ili majirani wanione vizuri. Kila aliyenisalimia nikamwambia nakwenda kwa mume wangu. Mke mdogo ameondoka, nafasi iko wazi, mke mkubwa nimerudi kazini. Mpaka nafika mlangoni nyuma yangu kuna wanawake wanacheka, wengine wameacha maharage motoni.

Kijana akatoka bandani, unga wa mbao mpaka kwenye nyusi. Aliponiona na mkeka akasimama kama mlango uliokosa fremu.

"Shikamoo bibi."

"Shikamoo ya nini? Mke anaamkiwa shikamoo? Nipokee mzigo, na maji ya kuoga yako wapi. Mwenzio natoka Kitangari kwenye shida ya maji, huko kumpa mtu maji ya kuoga ni sawa na kumpa mbuzi."

Wanawake wakapiga vigelegele. Yeye akapokea mkeka, anatazama chini, lakini niliona mdomo unamcheza. Huyo si mtu mbaya, nikasema moyoni. Mtu mbaya hacheki akitaniwa, anatafuta jibu.

Mchana akaniaga, ana kazi kidogo. Nikamwambia nenda mume wangu, mke mkubwa hana wivu. Pikipiki ikashika njia ya Lupaso, wanawake wakanitazama, nikawatazama. Nikapika. Ugali wa muhogo, mbaazi za nazi, na kipande cha samaki mkavu nilichotoka nacho. Jioni akarudi. Nikatandika mkeka, nikaweka chakula, nikakaa karibu naye kuliko bibi anavyopaswa kukaa.

"Bibi, samahani," akasema. "Nimeshiba."

Nikamtazama tumbo. Kweli limejaa, hakusema uongo. Basi nikasema, kama huli, nipe mkono, mke amshike mumewe mkono. Akaona haya, akanipa. Na hapo ndipo nilipoiona habari yote.

Mimi nimeshika mikono ya wanaume wa aina nyingi, wengine nimezaa nao, wengine nimewazika. Mkono wa seremala ni mgumu mahali pake, pale randa inapokaa. Huyu alikuwa na ugumu huo wa zamani, lakini juu yake pana malengelenge mapya, mengine yamepasuka, yamepangana pale mpini wa jembe unapokaa. Na kwenye kucha kumejaa udongo wa shamba, mweusi, mbichi. Nikacheka peke yangu mpaka akaogopa.

Hawara hampi mtu jembe. Nimeishi miaka mingi, nimesikia hawara anayetaka nguo, anayetaka simu, anayetaka kupelekwa pwani, lakini sijasikia hawara anayemwambia mwanaume shika mstari huu, ukifika kwenye mkorosho ugeuze. Anayemlimisha mwanaume mvua zikianza, kisha akamlisha akashiba, kwetu huku ni watu wawili tu. Ni mkewe, au ni mtu wa tumbo moja naye.

Sikumwambia kitu. Nilimwambia tu kwamba kesho nataka kwenda kumsalimia mke mwenzangu wa njia ya Lupaso. Akaanza kukataa, nikamkumbusha kwamba mtani hakataliwi, nikikaa mlangoni nikaimba jina lake mtaa mzima utajua. Kesho yake akanipakia.

Tukaiacha barabara, tukakata njia ya miguu katikati ya mikorosho. Pale mbele kuna nyumba ya udongo, shamba nyuma yake nusu limelimwa na nusu ni majani. Akatoka mwanamke mwembamba, mtoto kifuani, wengine wawili wamemshika kanga. Uso ule ule wa kijana wangu, ila huu umechoka zaidi. Akapiga goti.

"Shikamoo bibi. Mimi dada yake."

Mume wa huyu dada alikwenda upande wa Tunduru kutafuta madini. Yeye aliyatafuta madini, sasa madini yamemshika yeye, hajarudi, na simu haipatikani. Mvua zimeanza, mke ana mtoto mchanga, shamba limekaa. Kaka mtu afanye nini? Anafunga banda, anakuja analima. Na dada mtu afanye nini? Unaweza kumwacha kaka yako alime mpaka jua lichwe aondoke na njaa? Anampikia kile alichonacho. Na kaka, chakula cha dada aliyepika huku ananyonyesha, atakikataaje? Anakula. Akifika kwake tumbo limejaa, mkewe amepika kuku.

Nikamkumbuka yule binti wa semina. Tatizo lilizaliwa machimboni Tunduru, likapita kwenye shamba hili, likaenda kujilaza kwenye sufuria ya mjukuu wangu.

"Sasa mbona hukumwambia mkeo?" nikamuuliza.

Akachorachora chini kwa mguu. Akasema aliwahi kumwambia mkewe kwamba wale wapwa zake waje wakae kwao kwa muda, na mkewe akajibu kwamba ameolewa na mtu mmoja, hakuolewa na ukoo. Tangu hapo aliona afunge mdomo. Nikacheka tena. Hayo maneno ya kuolewa na mtu mmoja mjukuu wangu aliyaokota mjini, kwetu hayaoti. Hapa ukiolewa na mtu mmoja, wengine wanakuja nyuma yake kama vifaranga.

Nikarudi Kitangari Jumamosi, nimejaa habari kama gunia la korosho. Nikamwambia mjukuu wangu, furahi, hakuna hawara, ni dada yake. Nilitegemea atanikumbatia. Akalia kuliko mara ya kwanza.

"Bora angekuwa hawara, bibi," akasema. "Hawara ningemfukuza. Dada wa mume nitamfukuza nimpeleke wapi?"

Nikachukua ufagio, nikafagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Jumapili wakafika. Kaka yangu na koti lake la kanisani, na wifi yangu, mkewe, na kifuko cha njugu mawe za kubandua, maana yule hakai bure. Kijana akaja kutoka Masasi, akakaa ukingoni mwa mkeka, macho chini. Mjukuu wangu akakaa upande wa pili, begi lake karibu. Binti yangu, kwa sababu ya mkwewe, alikaa jikoni nyuma ya ukuta, na akawa anakohoa kila akitaka kuchangia. Akikubali anakohoa kidogo, akikataa anakohoa mpaka kuku wanakimbia.

Mimi nikasema niliyoyaona, shamba, dada, watoto, jembe. Kaka yangu akasikiliza amefumba macho kama kwenye mahubiri. Akafungua, akakohoa yake.

"Hata kama ni dada. Mwanaume anayeshiba nje ya nyumba yake hana mke. Mke kwanza, dada ana mumewe. Begi la mtoto liko hapa, libaki hapa."

Ukutani kikohozi kidogo. Mjukuu wangu akashika mkanda wa begi, lakini hakulivuta. Kijana hakuinua uso. Alisema tu, polepole, kwamba shamba la dada yake hawezi kuliacha, na kumwacha mke wake hataki, basi waamue wazee. Nikaona inakwisha hivi hivi, watu wawili wanaotakana wanaachanishwa kwa ugali.

Ndipo mabega ya wifi yangu yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Kumbe anacheka, njugu zinamdondoka.

Kaka akamgeukia. "Unacheka nini, mama?"

"Nimemkumbuka mbwa."

"Mbwa gani tena?"

"Yule wetu wa kwanza, wa kufukuza ngedere. Alinenepa mpaka watu wanatuuliza tunamlisha nini. Alikuwa anakula chakula chako, baba. Kila jioni unarudi umeshiba. Nilikuwa nampikia mbwa."

Jikoni kimya, hata kikohozi hakuna. Mimi nikaanza kutafuta kitu kwenye pindo la kanga, sijui kitu gani. Maana aliyekuwa anamshibisha kaka yangu miaka ile ni nani? Mume wangu marehemu alikuwa manamba, kibarua kwenye mashamba ya mkonge, anarudi akikumbuka. Shamba langu alilima kaka yangu, nami nikampikia. Aibu sikuona wakati ule na leo siioni, asingelima wanangu wangekula nini? Huyo anayekohoa jikoni amekuzwa na jembe la huyo mwenye koti.

Kaka yangu akaanza kufunga vifungo vya koti. Mjukuu wangu akaachia begi, akamsogelea wifi yangu.

"Sasa ulifanyaje, bibi?"

"Nilichoka kunenepesha mbwa. Siku moja nikaepua sufuria yangu inachemka, nikaibeba kichwani mpaka kwa huyu," akaninyooshea kidole chenye maganda ya njugu. "Sikupiga hodi. Nikaitua katikati ya uwanja, nikakaa. Nikamwambia, kama mume wangu anakula hapa, na mimi nakula hapa."

Kweli kabisa. Mimi siku ile nilishashika mwiko, nilijua ni vita. Tukatazamana. Halafu mwanangu mmoja mdogo akatia mkono kwenye sufuria yake, akala, na mtoto akishakula vita inakuwa ngumu kuanza. Tulikula pamoja mpaka mavuno. Kisamvu chake kilikuwa hakijaiva, nilimwambia siku ile ile.

"Na chakula chako walikila?" mjukuu wangu akauliza.

"Walikila. Huyu alikinanga, na mpaka leo ananinanga. Na wewe wifi yako atakunanga, jiandae."

Mjukuu wangu akakaa akaitazama sufuria yake, ile aliyokuja nayo, imening'inia pale ukutani. Tangu mumewe afike alikuwa hajamsemesha neno. Sasa akageuka, akamwuliza kama mtu anayeuliza saa:

"Dada yako anakula pilipili?"

Kijana akainua uso. "Anakula. Watoto ndio hawali."

"Nitaweka pembeni."

Basi. Wao walikuwa wamemaliza, sisi wazee ndio tulikuwa bado hatujajua. Kaka yangu akanyoosha koti lake, akauliza hukumu yake imefikia wapi, amesafiri, watu wanasubiri. Nikamwambia, shuka kwenye paa, kaka, ugali umeiva. Hakuelewa, semina hakuwepo. Lakini alinawa mikono. Akala kwangu tena kama zamani, na wifi yangu akamtazama anavyomega, akabandua njugu zake, anatabasamu na kumbukumbu ya mbwa wake.

Madini ya Tunduru bado hayajamwachia yule mwanaume. Shamba limekwisha kulimwa, sasa ni palizi, na nasikia mjukuu wangu anapalilia naye, huku analalamika mgongo mpaka jirani wa tatu anajua. Juzi amenipigia simu, nyuma yake nasikia watoto, masufuria, na sauti ya wifi yake ikisema jambo kuhusu chumvi.

"Bibi," akasema, "huyu mume wetu nimemchoka. Anamaliza sufuria ya dada yake, anamaliza na yangu, halafu anauliza kama kuna ukoko."

Nikamwambia akiuliza tena amjibu, umeshiba.